Sahani Ambayo Baraka Hakuila

Siku ambayo huenda ningekuwa kipa wa timu kubwa ya Nairobi, mwanangu, niliingia golini nikiwa nimeshiba. Naikumbuka vizuri kuliko siku nyingi nilizofaulu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Nakuru na barua ya kuitwa kwenye majaribio ya asubuhi moja tu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nyumba tatu za ndugu zilinialika kwa zamu, na ya mwisho ilikuwa ya mama mdogo, ambako mama yangu mwenyewe alikuwa ametangulia kwa basi ili anipikie. Katika kila nyumba nilikula kama mtu ambaye hajagusa kitu tangu asubuhi. Nilijua tumbo langu halitaki. Nilijua pia kwamba kukataa chakula cha mama ni kumkosea, basi nikalegeza mkanda tundu moja, nikaendelea.

Asubuhi nilikuwa mzito. Mpira wa kwanza wa chini ulipita kushoto kwangu nikiwa bado nafikiria kuinama. Wa pili vilevile. Kocha hakunigombeza. Aliniambia, "Kijana, nenda ukapumzike," akamwita aliyenifuata. Barua nyingine haikuja. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilieleza habari hiyo kwa maneno mawili tu: ndugu walinilisha. Watu hucheka, nami hucheka nao.

Nakueleza haya kwa sababu ya mpwa wangu Baraka, mtoto wa dada yangu wa Missouri City, karibu na Houston. Chuoni alicheza kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, na kazi yake ilikuwa kumwangusha yeyote anayekimbia na mpira. Kabla ligi ya kulipwa haijachagua wachezaji, timu hutuma watu vyuoni kuwapima vijana uzito, kuruka na kukimbia. Siku ni moja. Mbio zenyewe huchukua kama sekunde tano, na kijana hupewa nafasi mbili.

Baraka alikaa kwangu Mansfield, mwendo wa saa nne kwa gari kaskazini mwa Houston, kwa wiki nane, kwa kuwa mwalimu wa mbio aliyemtaka yuko huku. Mimi ni fundi wa mashine za hospitali. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe vitabuni, na mtu anayefuata utaratibu namtambua haraka. Sikuwahi kumwamsha. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia mizani ya jikoni ikiwekwa mezani, wali ukipimwa. Siku moja nilikwenda kumtazama mazoezini. Hakukimbia mwendo mzima hata mara moja. Kwa saa nzima alifanya hatua tatu za kwanza tu: anaweka vidole kwenye mstari, anaruka mbele, anarudi, anaanza tena. Nikamuuliza kama hachoki.

"Nachoka, Anko. Lakini hizi tatu zikiharibika, hakuna mahali pa kuzirekebisha."

Nimefanya kazi na wahandisi wenye shahada ambao jambo hilo hawajalielewa.

Jumamosi, vipimo vikiwa Jumatatu, tuliteremka naye Missouri City kwa maombi nyumbani kwao. Wiki moja kabla, Baraka alikuwa amewapigia simu akina mama wa kikundi cha maombi, mmoja mmoja, akawaeleza kwamba atakuja kuombewa ila hatakula chakula chao, chake atakibeba. Kwa hivyo tulipoingia walikuwa wamejiandaa kwa utani.

"Huyu ndiye ameleta mkebe kwenye nyumba ya pilau," akasema Mama Kevo.

"Auntie, si nilikupigia?"

"Mimi ulinipigia. Pua yako uliipigia?"

Mtu mmoja hakuwa na habari, naye ni mama yangu, aliyekuwa amefika kutoka Nakuru kumtembelea dada. Dada aliahidi kumwambia, akaogopa. Mama alikuwa ameamka mapema kumpikia mjukuu wake mbuzi na chapati. Akaja na sahani kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya Baraka, akasimama hapo hapo angoje kumwona akila. Nilijua mimi ningefanya nini, maana nilikwisha kukifanya. Nikamtazama dada, naye akatazama zulia.

Baraka akainuka, akamkalisha Nyanya mahali pake, akachuchumaa mbele yake. Kiswahili chake kina lafudhi ya huku, lakini alikisema polepole, bila kukimbilia Kiingereza.

"Nyanya, Jumatatu wananipima. Nikikosea kidogo, hawaniiti. Tumbo langu nimelizoesha chakula kimoja tu. Hiki nakitaka sana, lakini leo sitakila."

"Hata chapati moja?"

"Hata moja."

"Kwani umeambiwa nimeweka nini ndani?"

Watu wakacheka. Baraka akatabasamu, lakini hakusogea. "Niwekee mpaka Jumanne."

"Mbuzi hangojei Jumanne."

"Kuna friza, Nyanya."

Mama akanigeukia mimi. "Na wewe? Siku ile ya Nairobi, mbona hukuniambia? Ningekufungia nyama ukaondoka nayo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemlaumu mama yangu kwa kosa ambalo sikumpa nafasi ya kuliepuka. Niliogopa uso wake ukikunjamana, nikauita woga huo adabu. Kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyezaliwa huku, ambaye watu wetu husema hajui mila, alimheshimu kuliko nilivyomheshimu mimi, kwa sababu aliamini kwamba akielezwa ataelewa.

Mama akairudisha sahani jikoni, akaja kumwekea Baraka mikono kichwani. Akaomba kwa muda mrefu sana.

Jumatatu nilisimama nyuma ya uzio na dada yangu. Mara ya kwanza mguu wa Baraka uliteleza kidogo kwenye hatua ya pili. Wengi hawakuona, mimi niliona. Akarudi kwenye mstari taratibu, akaweka vidole, akatulia. Mara ya pili hatua zote tatu zilikaa sawa, na wale wenye saa mkononi wakaonyeshana walichopata. Alikuwa hajawahi kukimbia vizuri hivyo. Timu mbili zimeshampigia simu, lakini uchaguzi bado, na huenda asichaguliwe. Akikosa, atakuwa amekosa akiwa ameonyesha uwezo wake wote. Mimi mpaka leo sijui nilikuwa kipa wa namna gani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiwa na siku ya kupimwa, iwe ya uwanjani, ya mtihani wa uuguzi au ya kutafuta kazi, waambie mapema wanaokupenda kitu unachohitaji, na uwaambie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Usinyamaze halafu uje uwalaumu. Atakayeumia moyo, kaa naye mpaka aelewe. Na ile kazi ndogo ambayo hakuna anayekuona ukiifanya, irudie mpaka mwili wako uijue.

Mungu akupe wazee wenye masikio, akupe na ulimi wa kuwaeleza kwa upole, na siku yako itakapofika, mikono na miguu yako ikutii.