Walipokalishwa Benchi Moja

Iko Jumapili moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na wewe ndiwe uliyenikumbusha jana uliposema kwamba serikali siku hizi haina nguvu, kwamba kila kitu huamuliwa ng'ambo na sisi ni watazamaji tu. Ulisema kwa raha, kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Nilikasirika na sikukuficha. Leo nimepoa kidogo, kwa hiyo kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja kazi ambayo haikuja. Baba alikuwa fundi katika karakana ya shirika moja la umma. Jina lake nitalimeza, halitakusaidia kitu. Tuliishi upande wa Makongeni katika nyumba za shirika hilo, na tulikaa mle kwa sababu ya kazi ya Baba, si kwa sababu nyingine. Ndiyo maana lilipobandikwa tangazo getini kwamba wafanyakazi watapunguzwa na familia zao zihame kabla ya mwezi kwisha, Mama alikaa sakafuni akashindwa kuinuka. Hatukuwa na shamba. Hatukuwa na kwingine kokote.

Mheshimiwa mbunge wetu akaitisha mkutano katika ukumbi wa Kaloleni. Alikuja na mzungu mmoja mwembamba, mtaalamu wa wale waliokuwa wakiikopesha serikali. Mpaka leo naamini alimleta makusudi, ili tupate wa kumchukia. Akasimama, akapangusa jasho, akasema kwa sauti ya msibani, "Ndugu zangu, mimi nawapenda. Lakini mikono yangu imefungwa. Wenye pesa wamesema kazi zipunguzwe na nyumba zirudi kwa shirika. Tukikataa, nchi haipati hata senti."

Ukumbi ukachemka. Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana kuja mbele, kaka yangu Musyoka akiwa miongoni mwao. "Huyu odiero, mzungu huyu, leo hatoki!" mmoja akawapigia kelele akina mama walioketi mbele. "Wamathee, tupisheni!" Mzungu akawa mwekundu, akakumbatia mkoba wake. Mheshimiwa naye, yule mjanja, alikuwa akijivuta polepole kuelekea mlango wa nyuma, na macho yote yalikuwa kwa mgeni.

Aliyemwona ni Mama Mutheu. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane wa mchonga vinyago, kiongozi wa kwaya kanisani, mama mwenye utani mwingi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alikwenda akasimama mlangoni, akaujaza wote. "Mheshimiwa, unaenda wapi na mkutano ni wako?" Kisha akawageukia vijana. "Na nyinyi, rudini nyuma! Mkimgusa huyu mgeni, kesho mtaa utajaa polisi, na hakuna atakayeuliza habari za nyumba tena. Musyoka, nitakuzaba kofi hapa hapa mbele ya mamako!" Watu wakacheka. Naapa kicheko kile kiliokoa roho ya mtu.

Akaburuta benchi mpaka katikati ya ukumbi. "Kaeni hapa wote wawili. Sisi kila siku tunaambiwa ni wazungu. Na wazungu nao, nasikia, husema ni serikali. Leo kila mmoja atajibu mwenzake akisikia."

Mzungu hakujua Kiswahili. Mama Mutheu akatupa macho huku na huku, yakaniangukia mimi. "Wewe umesoma. Njoo uwe mdomo wetu."

Mwanangu, niliogopa. Utawala wa siku zile haukuwa wa mchezo. Mtu aliweza kuropoka neno moja hotelini akinywa chai, asionekane kwa miezi. Lakini ningekataaje, ukumbi mzima ukinitazama? Nikaenda nikasimama mbele ya lile benchi.

Mama Mutheu aliuliza kwanza ni nani aliyetaka wafanyakazi wapunguzwe. Nikamuuliza mzungu kwa Kiingereza changu cha shule. Akasema sharti hilo lilikuwa lao, na serikali ikalikubali. Nikatafsiri, watu wakanung'unika. "Na nyumba?" akauliza Mama Mutheu. Mzungu akakunja uso, akaniuliza nyumba zipi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema hawakuzungumza habari za nyumba hata mara moja, na hakujua kwamba kuna watu wanahamishwa.

Nilimwelewa vizuri. Tatizo ni kwamba Mheshimiwa pia alimwelewa. Akaniinamia, bado akiwatabasamia watu, akaninong'oneza, "Binti, angalia unachosema. Babako namjua."

Nikamtafuta Baba kwa macho. Alikuwa katika viti vya mbele, kofia mapajani. Hakuweza kusikia lile neno, lakini aliuona uso wangu, na mzazi hujua mtoto wake akitishwa huwaje. Baba akasimama. Alisimama kofia mkononi, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimama mkutanoni.

"Anasema hawakutaja nyumba," nikasema. "Anasema hata hajui kwamba tunahamishwa."

Mama Mutheu akamgeukia mbunge taratibu. "Basi, Mheshimiwa, nyumba zetu anazitaka nani?"

Akasema atafuatilia. Mama Mutheu akamuuliza atafuatilia kwa nani, maana yule anayemlaumu ameketi naye ubavuni. Hapo Mheshimiwa akautazama tena mlango wa nyuma, na kila mtu akaona.

Sitakudanganya. Kazi ya Baba ilikwenda, na za wenzake wengi. Alimaliza maisha yake akitengeneza majiko kwenye kibanda kando ya Jogoo Road. Mama Mutheu alichukuliwa na polisi asubuhi yake, na aliporudi mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki tena. Nililia nilipomwona akiiongoza kwaya kwa mkono wa kushoto. Lakini lile tangazo lilibanduliwa getini bila maelezo, na sisi hatukuhama. Mama yangu alifia katika nyumba ile, akiwa mzee, juu ya kitanda chake mwenyewe.

Sasa unaelewa kwa nini uliniudhi. Ni kweli kwamba wenye pesa wako mbali, wanaamua mengi, na hatuwapigii kura. Lakini katikati ya yale wanayolazimishwa, wakubwa wetu huchomeka yao, kisha hutuonyesha ng'ambo kwa kidole. Ukisema serikali haina nguvu, unamsaidia mwizi wa nyumbani kujificha. Ukiambiwa "tumelazimishwa," uliza wamelazimishwa lipi hasa, na lipi wameliongeza wenyewe. Uliza hadharani, usimpige mtu, na usimwache anayeuliza akabaki peke yake, kwa maana sisi tulimwacha Mama Mutheu alale peke yake usiku ule, kabla hawajaja kumchukua. Na siku ukiitwa uwe mdomo wa wenzako, ogopa, mimi niliogopa, lakini sema.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba ambayo mkubwa hawezi kukutoa kwa uongo, na kila utakapofungua mdomo kusema kweli, akujalie mtu wako mmoja wa kusimama, kama Baba alivyosimama.