Filta Mpya ya Gari la Baba

Juzi nilikwenda kijijini kwetu Kisaka kumsalimia kaka yangu, nikakuta ameliuza gari la marehemu baba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wamelikatakata na kuondoka nalo. Pale lilipokuwa pamebaki udongo mweusi usioota hata jani. Nilimwambia kaka amefanya vizuri, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka wifi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukulijua gari lile. Lilikuwa pikapu kuukuu, limemzidi baba umri, na enzi hizo ndilo gari pekee kijijini. Lilibeba wagonjwa, maharusi, maiti na mahindi. Injini yake ilichuja oili kwa mtindo wa kizamani, kwa kikombe cha chuma chenye kitambaa kizito ndani. Vitambaa vya dukani vilipoadimika hadi Musoma, baba akawa anakata blanketi la bibi. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kukifua kipande hicho kwa mafuta ya taa, kukikamua na kukianika juani. Mikono yangu ilinuka mpaka kwenye ugali wa mtama, na mama alinifukuza nisisogelee kibuyu cha maziwa mgando. Majirani nao walikuja na makopo kugombea oili chafu ya kupaka nguzo za nyumba, mchwa wasizile. Nilikuwa na raha, na sikujua kwamba ile ndiyo raha yenyewe.

Lakini blanketi ni blanketi. Manyoya yake yaliingia kwenye injini, gari likaanza kutoa moshi na kuchoka kwenye milima. Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Mimi nilizaliwa kwa upasuaji, na kliniki walimwonya asithubutu kujifungulia nyumbani. Hospitali iko Mugumu, na masika yalikuwa yameanza. Baba hakulala. Alisafiri mpaka Tarime, akarudi na fundi mmoja wa Turwa aliyekuja na filta ya kisasa, ile ya kopo la kufunga kwa kuzungusha. Fundi akaiunganisha na injini kwa mabomba mawili, moja la kupeleka oili kwenye filta, jingine la kuirudisha. Kufikia mchana alikuwa amemaliza.

Alipotaka gari liwashwe, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi kabla bibi hajakipulizia maziwa kutoka mdomoni mwake na kukitamkia baraka. Jembe la ng'ombe lilipuliziwa, baiskeli ilipuliziwa, hata redio, nayo ikakoroma wiki nzima. Siku hiyo bibi alikuwa msibani kijiji cha pili. Baba akasema tumsubiri. Fundi alisubiri mpaka akaona atakosa usafiri wa kurudi, akamwita baba karibu.

"Mzee, ukiwasha, legeza kidogo hii nati ya bomba la kurudisha oili. Oili ikitoka, kaza uende. Isipotoka, zima hapo hapo, mura, usiende hata hatua."

Baba aliitikia. Bibi alirudi jua linazama, akapuliza maziwa yake, akaibariki injini kwa Kikurya kirefu. Baba akasema atawasha asubuhi kukiwa na mwanga.

Asubuhi uchungu wa mama ulianza kabla ya chai. Tulimpandisha, mimi nikakaa naye kumshika mkono, na baba akawasha gari akaondoka. Nati hakuigusa. Simlaumu, wewe ungeikumbuka, mkeo analia vile? Taa ya kuonyesha oili ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa. Baadaye tulikuja kujua mabomba yalikuwa yamegeuzwa. Filta za kisasa zina mpira ndani unaoruhusu oili ipite upande mmoja tu, kwa hiyo hapakupita hata tone.

Hata nusu ya njia hatukufika. Injini iligonga kama mtu anayetwanga, ikalia, ikakwama. Baba alifungua boneti, akaona moshi, akaifunga taratibu. Kisha akakimbilia mashambani akipiga yowe la msaada. Wakulima waliokuwa wakilima waliacha kazi, wakaleta ng'ombe wao na minyororo, wakalifunga gari. Tukavutwa kwenye tope, ng'ombe wakibadilishwa kila tulipopita shamba jingine, na wanaume wakisukuma kwa nyuma. Mama alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa namwita, haitiki. Tulipofika Morotonga jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na hapo ndipo tulipopata gari la afisa mmoja likatufikisha hospitali.

Mama alipona. Mtoto, wa kike, alitolewa akiwa ameshakufa. Muuguzi alimkabidhi baba kile kichanga kikiwa kimefungwa kwenye kanga, naye akaenda kukizika kabla mama hajazinduka. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda mama alipofumbua macho na kuelewa.

"Ulimwona?" alimwuliza baba. "Anafanana na nani?"

"Na wewe," baba akasema. "Amekuchukua wewe kabisa."

Mama alitabasamu kidogo, akageukia ukutani. Jibu hilo aliishi nalo. Kila alipotembelewa na mwanamke aliyefiwa na mtoto, alikuwa akimwambia, "Wangu alifanana na mimi kabisa," na alilisema kwa fahari.

Mama alipofariki, nilimwomba baba anieleze zaidi kuhusu sura ya mdogo wangu, maana hakuna mwingine wa kuniambia. Aliendelea kupukuchua mahindi. Nilidhani hajanisikia, nikarudia.

"Sikumfunua, mwanangu," akasema. "Niliogopa."

Baba naye ameshaondoka. Katika ukoo wetu wote, hakuna aliyewahi kuuona uso wa mtoto yule.