Herufi za Jonas kwenye Mwaloni

Enoch Haskew alipima nusu ya bonde la Shenandoah, na mwenyewe hakuwa na kipande cha kuzikia mbwa. Kwa dira na mnyororo wake wa kupimia aliwakatia matajiri ardhi ambayo wenyeji Washawnee, waliokuwa wakiwinda humo, hawakuulizwa neno. Jioni alikula mkate wa mahindi kwenye meko ya watu wengine. Kitu kimoja tu alijivunia: alama aliyochonga yeye kwenye mti hakuna aliyeitilia shaka.

Mkewe, Tabitha, alikuwa amechoka kuishi chumba cha kuazima. Basi Enoch alipoona kona ya mto yenye chemchemi na mialoni, moyo ulimdunda. Tatizo ni kwamba sheria ilimkataza mpimaji kujipimia mwenyewe. Angesubiri mpimaji mwingine, lakini vita na Wafaransa vilishaanza, naye alikuwa ameshajiandikisha jeshini. Akafanya haraka, na haraka hiyo ilimponza: kwenye mwaloni wa mpakani alichonga herufi za jina la shemeji yake, Jonas Purdom, kaka wa Tabitha, aliyekuwa akimshikia mnyororo.

"Nishikie ardhi hii mpaka nirudi," alimwambia.

"Mimi na wewe tena, shemeji?" Jonas akacheka. "Nenda kapigane huko. Utakuta nimeshakufyekea."

Enoch alirudi na risasi kwenye nyonga, akichechemea. Jonas alikuwa amefyeka kweli. Alikuwa pia amejenga na kuoa.

"Tutazungumza," Jonas alisema, amesimama mlangoni, wala hakumkaribisha ndani. Hawakuzungumza.

Ukafika mwaka wa majirani kuizunguka mipaka pamoja na kuithibitisha. Mpaka usiopingwa siku hiyo haupingwi tena, kwa hiyo Enoch alipinga mbele ya wote. Jonas akashika Biblia, akaapa kwamba hapakuwa na makubaliano yoyote. Tabitha alimkazia macho kaka yake. Jonas aliangalia kofia yake.

Mzee Strother, aliyeongoza msafara, aliamuru mwaloni ukatwe gome lililofunika alama. Herufi zikatokea: J.P.

"Huo ni mkono wangu," Enoch akasema. "Zangu mimi nisingeweza kuchonga, mnaijua sheria. Niliweka jina lake tu, ardhi ni yangu."

"Mkono wako tunaujua, Bwana Haskew, ndiyo maana tunauamini," Strother akajibu. "Miaka yote hii hujachonga uongo kwenye mti. Leo unataka tukubali kwamba ulichonga?"

Enoch akaziangalia herufi alizochonga. Shemeji alikuwa amemgeuka, na sasa jina lake zuri nalo limemgeuka. Hili la pili lilimuuma zaidi, maana hakuwa na wa kumchukia ila yeye mwenyewe.

Mti ukishafunuliwa, alama huchongwa upya, na fundi wa kazi hiyo pale alikuwa mmoja. Strother akamnyooshea shoka.

"Usiliguse, mume wangu," Tabitha akasema. "Azichonge mwenyewe, si mikono anayo?"

Enoch akalichukua. Alichonga J, akachonga P, kwa usafi uleule, kisha akamkabidhi Jonas shoka.

"Hizi sasa ni za kweli," alimwambia. "Uongo niliwahi kuchonga mmoja tu, shemeji, na niliuchonga kwa sababu nilikuamini."

Jonas alilipokea shoka. Tabitha alikuwa ameshaanza kuteremka, hakumuaga kaka yake.