Mnyauko Uliopita Nyuma ya Jiko

Kila ninapokata mgomba mgonjwa, kazi ambayo sasa ndiyo inayonilisha, harufu ya utomvu uliochacha hunirudisha Chato, shambani kwa Bibi, nikiwa na miaka tisa na magoti yenye vumbi.

Bibi, mama mzaa baba, aliyagawa maradhi ya mimea mafungu mawili. Unga mweupe kwenye majani ya mpapai na kutu ya maharage yalikuwa maradhi "ya kwetu". Aliyamwagia majivu huku akiyagombeza, kama alivyotugombeza sisi wajukuu. Ugonjwa asioujua ulikuwa "wa kuja", na wa kuja lazima aliyeuleta atafutwe. Nilimwamini kuliko mwalimu wangu wa sayansi.

Basi migomba yetu ya kisukari ikaanza kunyauka. Majani yaligeuka manjano yakaning'inia, na shina likikatwa lilikuwa na michirizi ya hudhurungi. Bibi akaguna, "Wa kuja huu." Mgeni wa karibuni kijijini alikuwa jirani yetu Mama Zawadi, kutoka Tinde, ambaye mumewe alipotelea machimboni Geita. Alikuwa amepanda machipukizi ya migomba ya kununua mnadani, na ndizi hizo ndizo zilizomlisha yeye na Zawadi. Kikao cha kijiji kikaamua ang'oe shamba lake lote ifikapo Jumamosi.

Zawadi alikuwa rafiki yangu. Tulitengeneza wanasesere kwa maganda ya migomba, kwa hiyo mashina ya migomba, ya kwao na ya kwetu, niliyajua vizuri. Tukiwa tunamenya ndizi nikasema, "Bibi, mbona ule mgomba wa nyuma ya jiko letu ulikuwa na michirizi hiyohiyo? Na Mama Zawadi alikuwa hajahamia."

"Ule ulikufa kwa uzee," alijibu upesi mno. "Menya ndizi."

Nikamenya huku machozi yakidondokea beseni. Nilimpenda mno Bibi, na nilijua anadanganya.

Jumamosi asubuhi Mama Zawadi alikuwa ameshashika jembe, majirani wamesimama kutazama. Bibi akaingia shambani na jembe lake, akamsalimu kwa Kisukuma, lugha ya Tinde na ya kwao Bibi, ambayo hakuizungumza kwa hiari.

"Mwangaluka, mayu. Acha hiyo migomba." Akawageukia majirani. "Ugonjwa ulianzia kwangu, kwenye mgomba wa nyuma ya jiko, niliopewa na mama nilipokuja kuolewa hapa."

Mama Zawadi akamfuata hadi shambani kwetu. Siku nzima waling'oa na kuchoma migomba yetu pamoja, wala sikumwona Bibi akila.

Kwa miaka mingi niliamini alificha kwa aibu ya ugonjwa tu. Leo najua kuvu inayoleta mnyauko ule ni ngeni kweli nchini mwetu, na ilifika kabla yetu sote. Lakini Bibi nilimwelewa nilipoolewa Kahama, kuku wa mama mkwe walipokufa na macho yote yakanigeukia mimi mgeni. Bibi alikuwa ameishi Chato miaka arobaini, amezaa watoto sita na kuzika wawili, na bado aliogopa siku atakayoulizwa kwao ni wapi.