Sauti Niliyowapa Wageni

Nilimkuta baba mkwe wangu jikoni amesimama kwa mguu mmoja, sufuria kichwani, macho kayafumba.

Nasema baba mkwe, jamani. Mwalimu mkuu mstaafu. Mzee anayepiga pasi suruali hata siku ambayo hatoki nje ya geti.

Mbele yake alisimama binti yangu wa miaka sita, naye mguu mmoja juu, kijiko kichwani.

"Mkao huu unaitwaje?" mzee akauliza kwa sauti laini.

"Mti uliochelewa kazini!"

"Haya, mti. Vuta pumzi taratibu. Bosi mwenyewe hajafika."

Hawakuniona. Ningeweza kuingia nikacheka nao. Ningeweza hata kuchukua kifuniko cha sufuria nikakiweka kichwani. Badala yake nikatoa simu nikaanza kurekodi, mpaka sufuria ilipoanguka na wote wawili wakaishia sakafuni wakicheka.

Ngoja niwaambie mimi ni nani, ndipo mtaelewa ukubwa wa aibu hii.

Mimi ni mwalimu wa yoga. Kila asubuhi nasukuma sofa za sebuleni ukutani, natandika mikeka minane, na wanawake wanane wanaingia wakiwa hoi kwa kazi, foleni na waume. Nawaambia kwa sauti tamu, "Achia mabega. Hakuna anayekukimbiza. Upo salama hapa."

Kuna wanaolia machozi. Wamenibandika jina, Mama Utulivu.

Mama Utulivu huyohuyo, mwanafunzi wa mwisho akishatoka na mlango ukifungwa:

"NANI KAACHA VIATU HAPA? We mtoto, mara ngapi nakwambia? Hivi una masikio au mapambo?"

Nilijitetea moyoni. Nimechoka. Nalea. Na tangu mama mkwe afariki, mzee naye anaishi kwetu. Darasa likiendelea, yeye na mjukuu wake walikuwa wanajibanza jikoni, marufuku hata kukohoa.

Basi bwana, ile video nikaitupia mtandaoni. Nikaandika juu yake, "Makosa ya wanaojifundisha yoga wenyewe," na vikatuni vya kucheka vitatu.

Ikaenda kasi ambayo sijawahi kuipata. Kufika jioni watu elfu arobaini walikuwa wameiona. Wageni wakaanza kuomba nafasi darasani. Nilijiona nimetoboa.

Sikusoma maoni yote. Laiti ningesoma.

"Huyu si mwalimu mkuu wetu? Kazeeka vibaya!"

"Alivyokuwa anatuchapa, leo kavaa sufuria. Akili zishamruka."

Kesho yake mzee alikwenda kwa kinyozi. Akarudi mapema mno. Nilipofungua mlango nikabaki mdomo wazi.

Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umenyolewa. Wa kushoto ulikuwa bado.

Baadaye mume wangu ndiye aliyenisimulia. Vijana waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanaangalia video, wanacheka, mmoja akainua macho na kumtambua. Kinyozi naye akaomba aone. Mzee akaiangalia mpaka mwisho, akavua kitambaa shingoni, akashukuru, akaondoka.

Mlangoni pale hakunigombeza. Alinisalimia kama siku zote, "Hamjambo hapa?" Akaingia chumbani, akatoka na begi dogo na kofia kichwani.

"Nakwenda kumsalimia shangazi wa mtoto," alisema. "Nitakaa kidogo."

"Baba, ile video, nilikuwa natania tu..."

"Najua, mwanangu. Mabaki ya chakula nimeyafunika."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mume wangu aliporudi kutoka kazini aliniuliza swali moja, "Angekuwa baba yako wewe, ungemrusha mtandaoni?" Usiku mzima akanipa mgongo.

Nikaifuta video, lakini ilishasambaa kwenye magrupu. Nikaona nirekodi ya kuomba radhi. Nikakaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, nikaanza, "Wapendwa, leo nataka tuvute pumzi pamoja..." Nilipojisikiliza nikajichukia. Nilikuwa nauza utulivu hata kwenye kuomba msamaha. Nikaifuta nayo.

Siku ya tatu nikamwita binti yangu aje aondoe madaftari mezani. Nilimwita kama kawaida yangu, kwa kelele.

Hakuja.

Nikamfuata huku nimefura. Nikamkuta korido, kasimama wima, macho kayafumba, mkono tumboni. Midomo inahesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Wewe! Unafanya nini?"

Akashtuka. "Babu alisema mama akiita, nisikimbie. Nivute pumzi tatu kwanza, ndipo niitike. Ili moyo usiende mbio."

Nikakaa palepale sakafuni. Mtoto wangu alikuwa anahitaji mazoezi ya pumzi ili aweze kunisogelea mimi, mama yake.

Sikungoja kesho. Nilimwacha na baba yake nikaenda kwa wifi yangu. Mzee alikuwa kibarazani na kofia yake. Nikapiga magoti.

"Baba, nimekukosea. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu wako. Sina la kujitetea."

Akasema niinuke nikae kitini.

"Mwanangu, kunicheka si neno. Shuleni walinicheka miaka thelathini. Kilichoniuma ni kwamba umeucheka mchezo wa mtoto."

"Kwani ulijifunzia wapi, baba?"

"Kwako." Akatabasamu kidogo. "Tangu mama yenu aondoke nilikuwa silali. Asubuhi nikawa nakaa korido, nasikiliza darasa lako nyuma ya mlango. Ile sauti yako ilinituliza. Nikasema, huyu mtoto naye aipate. Wewe ulikuwa huna nafasi, basi nikawa naichota kwenye mlango wa sebuleni naipeleka jikoni. Sufuria na vijiko nimeongeza mwenyewe. Mtoto bila mchezo hatulii."

Nilishindwa kumtazama usoni.

"Ulimwambia kuwa sauti ni yangu?"

"Siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia, hivi ndivyo mama yako anavyoongea." Akairekebisha kofia yake. "Alicheka sana. Alidhani ni sehemu ya mchezo."

Nililia mpaka wifi yangu akatoka ndani kuuliza kama kuna msiba.

Mzee alikubali kurudi, ila siyo siku hiyo. Aliomba wiki moja, nami sikuwa na haki ya kumharakisha.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa sakafuni sebuleni anachora. Sikumwita. Nilivua viatu, nikakaa kando yake, nikasema kwa ile sauti ya wanawake wanane, "Achia mabega, mama. Hakuna anayekukimbiza. Upo salama hapa."

Aliacha penseli. Akanitazama kwa mshangao, uso ukachanua.

"Mama! Unaongea kama babu!"

Wewe unayesoma, sina somo kubwa la kukupa. Yoga naijua kwa vitabu na kwa vyeti, na bado mzee mwenye sufuria kichwani alinizidi, kwa sababu yeye utulivu aliupeleka jikoni, mahali mtoto alipokuwa. Kama una sauti nzuri unayoivaa kazini, leo angalia wa nyumbani kwako wanaisikia lini. Wangu aliisikia kutoka kinywani mwangu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, na alidhani namwigiza mtu mwingine.