Silinda mbili kwa silinda nne: nilitaka pikipiki ya mjukuu wangu ishike mkia, mpaka nilipoisikia inakohoa

Wakuu, habari za humu.

Ninaowadai shikamoo ni wadogo zangu wote, marahaba nimeshaitikia. Tusipoteze muda.

Kuna uzi humu vijana wanabishana kama superbike, ile pikipiki kubwa ya mbio, ya silinda mbili bado inaweza kushindana na za silinda nne. Wengi mnaandika ya kwenye runinga. Mimi niliyaona wilayani Magu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Nitasema nilichokiona, chumvi siongezi.

Mimi ni bibi, naishi Ilemela huku juu kwenye mawe. Shule niliishia darasa la nne. Ila mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Kisesa, tumezeeka nayo, kwa hiyo mlio wa injini si mgeni kwangu. Ikiumwa naisikia. Kuitibu siwezi.

Nina mjukuu anaitwa Kabula, nimemlea mimi. Ni mtu mzima, fundi pikipiki, ana gereji yake. Akanunua superbike kuukuu ya silinda mbili, ilikuja imekufa, akaifufua mwenyewe. Wenzake wote kwenye kikundi chao wana za silinda nne.

Tofauti alinieleza nikaielewa kwa kinu.

Silinda mbili ni wanawake wawili wenye michi mizito kwenye kinu kimoja. Kila pigo linatikisa ardhi, lakini huwezi kuwaharakisha sana. Silinda nne ni wanawake wanne wenye michi myepesi, wanakwenda mbio mpaka unasikia mlio mmoja tu, kama nyuki.

Kwa hiyo mkitoka kwenye kona, silinda mbili inakuvuta mapema. Barabara ikinyooka, nne zinakupita. Kabula anasema hata kwenye mashindano makubwa ya nje kuna wakati sheria iliziruhusu silinda mbili ziwe na cc zaidi, yaani injini kubwa zaidi, ili mambo yalingane. Hapo mtanisahihisha nyie.

Mimi ile pikipiki nilikuwa siitaki, iwe na silinda mbili au kumi. Akitoka nayo maji hayanishuki kooni. Nikipiga simu asipopokea, nakaa nahesabu maiti.

Siku moja nikamwambia, "Kabula, tukubaliane. Hayo mashindano yenu ya Magu, ukishika mkia unaiuza."

"Na nisiposhika?"

"Sitaisema tena mpaka naingia kaburini."

Akacheka. "Bibi, wewe unyamaze? Hiyo nataka kuiona." Akakubali.

Mashindano yalifanyika kwenye kiwanda cha zamani cha kuchambulia pamba, jineri. Wenye eneo waliwaruhusu. Kuna lami ya malori inazunguka majengo, na kwenye kona walipanga magunia ya pumba za mpunga ili anayeanguka aangukie hapo. Nesi naye alikuwepo. Nilipomwona nesi ndiyo nikazidi kuogopa.

Raundi zilikuwa mbili. Ya kwanza ya kupanga nani aanzie wapi, ya pili ndiyo yenyewe.

Tulifuatana na shemeji yangu Malimi, mdogo wake marehemu. Huyu amecheza ngoma ujana wake wote. Mnaojua Usukumani mnajua, makundi mawili ya ngoma yakikutana kushindana hakuna anayeingia uwanjani mikono mitupu. Kila kundi lina dawa yake, mchezaji anaibeba kifuani, na haitajwi. Kwa Malimi mashindano ni mashindano, iwe ngoma iwe pikipiki.

Asubuhi ile nilimsikia anamuuliza Kabula, "Mjukuu wangu, hivi pikipiki kifua chake kiko wapi?"

Kabula alikuwa anakaza cheni, hata kichwa hakuinua. "Pumzi inavutia hapa mbele, babu. Hiyo midomo miwili chini ya taa."

Nikadhani mzee anajifunza.

Akaja kijana mmoja wa Bukoba, Deo, silinda nne yake inang'aa kama sufuria ya harusi. "Shikamoo bibi. Naona Kabula katuletea mashine ya kukoboa."

"Marahaba. Angalia usije ukawa mpunga."

Wenzake wakamcheka, naye akacheka. Kijana ana adabu, tatizo mdomo.

Raundi ya kwanza zikaondoka pikipiki nane.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Zikifika nyuma ya ghala huzioni tena, unabaki na mlio tu. Nikawa natafuta michi yangu miwili katikati ya nyuki. Nikiisikia, napumua. Ikifunikwa, nashika pindo la kitenge.

Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili nikasikia michi imepishana. Kwenye kunyooka ilikuwa inakohoa kama mtu aliyepaliwa. Wakampita mmoja, wakampita wa pili, mpaka akawa wa mwisho kabisa.

Malimi ametulia, anachokonoa meno.

"Tulia shemeji. Itashika tu."

"Itashika nini?"

Akajigusa kifuani. "Nimeshaiwekea."

Nikaelewa lile swali lake la asubuhi.

Wakuu, hapa ndipo pagumu. Mjukuu wangu yuko mkiani. Nilichokitaka kinakuja chenyewe, sijatia mkono. Nikikaa kimya, pikipiki inauzwa, nami naanza kula chakula kikashuka.

Zikaingia tena nyuma ya ghala. Za wenzake zikatokea. Yake kimya.

Nilisimama kiti kikaanguka. Nesi naye akasimama.

Halafu akatokea, taratibu, injini inakohoa, ameinama anaiangalia.

Raundi ikaisha. Kabula akafungua plagi, akakagua mafuta, akashika waya huku na huku. Haoni kitu. Jasho linamtoka. Kisha akaniambia neno lililonimaliza.

"Bibi, haina shida. Raundi ya pili nitaikaza zaidi ya hapo, itaona aibu yenyewe."

Malimi ananikazia macho ninyamaze. Dawa ikitajwa imekufa.

Nikasema, "Kabula, angalia kwenye midomo ya pumzi, chini ya taa. Babu yako kaweka kitu."

Akaingiza vidole, akatoa furushi la kitambaa cheusi lililoshonwa, limeziba mdomo mmoja wote. Upande wa ndani uzi umeshaanza kunyonywa na kukatika. Akaligeuza geuza.

"Bibi, hili lingefika ndani likakwama kwenye mlango wa hewa, ningeachia mkono wa mafuta na pikipiki isipunguze mwendo."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nikaangalia yale magunia ya pumba, nikaona ni madogo mno.

Malimi akanung'unika, "Sasa umeitaja shemeji. Haina nguvu tena."

"Nilitaka iwe hivyo."

Kabula akamrudishia kwa mikono miwili. "Babu, ivae wewe. Kifua unacho."

Akasafisha nyuzi zote, akaiwasha. Michi miwili, dum dum, kila mmoja zamu yake. Kabla hajavaa helmeti akaniinamia. "Ungenyamaza ungeshinda, bibi."

"Nenda huko, wanakusubiri."

Raundi ya pili akaanzia nyuma kabisa. Nyuma ya ghala kuna kona tatu zimebanana, na kila wakitokea huko alikuwa amemla mmoja. Barabara ikinyooka wanamrudia, anarudishwa nafasi. Kona tena, anawala. Sikukaa hata kidogo.

Deo alimaliza wa kwanza. Kabula wa tatu.

Deo akaja akiwa bado anahema. "Bibi, hongera. Kule kwenye kona nilisikia kinu kinakuja nyuma yangu, nikajiona pumba."

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wa ule uzi ni hili. Silinda mbili inashindana, kama kuna kona na kama imeachiwa ipumue. Barabara ikinyooka sana usijidanganye. Kwamba inafaa kuwa ya kwanza sikuona. Kwamba si ya kushika mkia, hilo niliona.

Nilichojifunza. Kwanza, kabla ya race kagueni na midomo ya hewa, hasa mkiwa mmefuatana na wazee wanaowapenda. Pili, ukimwombea mtu ashindwe ili awe salama, uliza kwanza huko kushindwa kunapitia wapi. Mimi sikuuliza.

Sasa ahadi imenifunga mdomo. Pikipiki ipo, na Kabula anatoka nayo. Jioni nakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba na mboga zangu za kuchambua, nasikiliza kule chini barabarani. Nikisikia ile michi miwili inapanda mlima, nasonga ugali. Kabla ya hapo maji yakichemka nayaacha yachemke.

Nyie wenye watoto wa pikipiki, huwa mnafanyaje mkisubiri? Andikeni hapo chini, nasoma taratibu ila nasoma yote. Na wa silinda nne mje pia, Deo nimeshamzoea.