Ukuta wa Bi Zuwena

Juzi, huko Malindi, niligonga ukuta uliotoka kupigwa lipu, ukalia kama debe tupu. Fundi wangu akacheka: "Rangi itaficha, bosi." Nilikasirika hadi nikaisikia tena harufu ya chokaa mbichi.

Baba alikuwa fundi wa chokaa. Jumamosi moja alinichukua kwenda kuungama, halafu tupite Darajani kula aiskrimu. Mlangoni pa kanisa akasimama, akageuka, akanikokota hadi nyumba aliyomaliza kazi jana yake, akaanza kuubandua ukuta kwa nyundo.

Mwenye nyumba, Bi Zuwena, akatoka mbio. "Fundi, ukuta mzuri huo, wauvunjia nini?"

"Mzuri kwa nje, Bi. Ndani nlilipua kazi."

Vumbi lilinijaa kooni. Nilidhani padre ndiye aliyempa adhabu ile, nikamchukia, na padre hata hakuwa ametuona. Tuliporudi, kanisa lilishafungwa. Aiskrimu nayo basi.

Jumapili watu walipanga mstari wa komunyo. Baba, kwa kuwa hakuungama, akabaki kwenye benchi, chokaa kwenye kucha. Niliona aibu kuwa mtoto wake.

Sasa nasimamia mafundi, na namtafuta hata mmoja wa kubaki kwenye benchi lile. Simpati.